Tronsoneze ya Milombwa

Vijana wanaokuja kuniona siku hizi wana swali moja. "Ba mukubwa, tronsoneze gani iko na nguvu?" Kisha wananionyesha simu, picha za mashine zenye rangi ya chungwa na nyekundu, na macho yanawang'aa. Mimi nawauliza, mnakwenda kukata mti gani? Hapo wanatazamana. Wanataka kununua viatu kabla ya kujua miguu ni ya nani.

Nimekata miti tangu ujana wangu mpaka mgongo uliponikataza, kwa hiyo nisikilizeni kidogo. Kwa asiyelijua neno, tronsoneze ni msumeno wa injini, ule wenye mnyororo wa meno unaozunguka ubapa mrefu wa chuma. Kwetu Lubumbashi jina tulilitoa kwenye Kifaransa tukalikunja mpaka likatoshea mdomoni.

Msidanganywe na urefu wa ubapa. Shina nene hukatwa kutoka pande mbili, basi ubapa ukipita nusu ya shina kidogo, unatosha. Ubapa mrefu kwenye injini dhaifu ni balaa: mnyororo unachoka katikati ya mti, unang'ang'ania, nawe umebaki umeinama chini ya mti uliokwisha kuumizwa. Mti ulioumizwa haungojei mtu. Halafu mwulizeni mwenye duka habari ya mnyororo. Meno ya mnyororo huisha, na miti yetu ni migumu. Mbanga peke yake unaweza kukumalizia meno asubuhi moja. Nilikuwa na mwenzangu, Sengo, mtu wa kupenda vitu vizuri. Alimsihi tajiri wake mpaka akanunuliwa tronsoneze nzuri ajabu, ambayo mnyororo wake haukupatikana mjini wala Kasenga wala popote. Mashine ile iliishia nyuma ya nyumba yake, kuku wakailalia. Tulikuwa tukimwuliza, "Sengo, kuku wamekata miti mingapi leo?"

Lakini ubapa na mnyororo si vya kwanza. Cha kwanza ni mikono ya atakayeishika. Hilo sikulisoma popote, na siku nilipojifunza nilikuwa na hofu ambayo hata leo sijaisahau.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Kalaba. Alinichukua nikiwa mtu wa shoka, kabla sijajua kama ana binti. Alikuwa akilipiga shina kwa kisogo cha shoka na kuinamisha kichwa asikilize. Mti mzima unajibu kwa mkato, sauti kavu. Mti uliooza moyo unalia kama ngoma. "Hii iko na tumbo wazi," alikuwa akisema, "tuiache, itatuua." Alinifundisha kukata mdomo kwanza, upande ambao mti utaangukia, kisha kuuzunguka na kuukata kwa nyuma, nikiacha katikati ukanda mwembamba usioguswa. Ukanda ule ndio unaolishika shina lisigeuke wakati linakwenda chini. "Ukikata yote," aliniambia, "ni muti njo itachagua kwa kuangukia, haiko weye." Yaani mti ndio utakaochagua pa kuangukia, si wewe.

Nikamwoa binti yake, Feza, na kazi ikawa ngumu.

Ninyi wa leo mnakula na wakwe zenu sahani moja, mnatazama mpira pamoja, mnagongana mabega. Kwao Wabemba, na hata kwetu Waluba, baba mkwe alikuwa mtu wa heshima iliyopakana na woga. Humtazami usoni. Hugusi mwili wake wala huusemi. Hata akiwa mgonjwa, unauliza kwa mtu mwingine. Kitu humpi mkononi, unakiweka chini naye anakiokota. Sasa fikirini, mimi na yeye tunatumia tronsoneze moja tangu asubuhi mpaka jua linainama! Nikishaijaza petroli, naiweka kwenye majani, narudi nyuma, naye anakuja kuichukua. Naye akitaka nishike zamu, anaiweka, anaondoka, mimi nakuja. Wenzetu walisema tunailea ile mashine kama mtoto wa talaka.

Aliyecheka kuliko wote alikuwa Chisenga, dereva wa lori letu. Yeye aliruhusiwa. Chisenga alikuwa munungwe wa Kalaba, yaani mtani wake wa ukoo. Ukoo wa Kalaba ni wa mbuzi, wa Chisenga ni wa chui, na kazi ya chui ni kula mbuzi. Chui anaweza kumtukana mbuzi mbele za watu, kumvua kofia, kumnyang'anya sahani, na mbuzi hana ruhusa ya kukasirika. Na mmoja wao akifa, ni munungwe anayeshughulikia shimo la kaburi. Kwa hiyo kila asubuhi, lori likitoa moshi kule Kasungami, kambi ya wafanyakazi, tulisikia haya:

"Mbuzi yangu, haujakufa? Minakungojea na lampelo yangu, unanichelewesha!"

Lampelo ni koleo la kuchimbia.

"Weye, chui ya kukosa meno, utakufa mbele yangu. Nitakuzika bila sanduku, nitakufunga mu ile ngozi yako mubaya."

Wakishamaliza kutukanana, siku imeanza.

Kazi yetu ilikuwa kukata nguzo za kuzuia udongo migodini. Tajiri wetu hakuwa mwenye mgodi; alikuwa mtu wa mbao tu, mwananchi aliyepewa kampuni ndogo baada ya mgeni mwenyewe kuondoka. Aliitwa Kazadi, na kwa desturi ya miaka ile tulimwita sitwayen Kazadi, maana neno bwana lilikuwa limekatazwa. Nguzo hazihitaji miti minene. Tulikata vichaka vya njia ya Kinsevere kwa tronsoneze ya zamani, ubapa mfupi, vishikio vimefungwa kwa bolti moja kwa moja kwenye injini. Injini ikitetemeka, na wewe unatetemeka mpaka kwenye meno. Kalaba alikuwa ameishika ile mashine kwa miaka mingi kuliko sisi sote.

Mwezi wa saba Lubumbashi baridi haina mchezo, wale mnaotoka huko mnajua. Asubuhi moja niliona vidole vyake vimepauka kuanzia ncha, kama vimechovywa majivu. Akavitia kwapani, akapigapiga miguu chini, akazungumza habari nyingine. Nikageuza uso. Siku nyingine niliona anabeba kikombe cha chai kwa viganja vyote viwili, hatumii vidole. Nikageuza uso tena. Kugeuza uso ndiko kulikuwa adabu yangu, na adabu yangu ilianza kunitisha.

Kisha ikaja siku ya moshi. Alikuwa amezima mashine, ameiweka juu ya kisiki, amesimama anaongea na Chisenga habari za mashimo ya njia ya Kasenga. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umepumzika juu ya bomba la moshi, ambalo huwa la moto wa kukaangia yai. Nilisikia harufu kabla ya kuona. Harufu ya nyama. Na yeye anaendelea kuongea, ametulia, anauliza kama daraja limetengenezwa.

Ningefanya nini? Kupiga kelele "baba, mkono!" ni kuutangaza mwili wa mkwe wangu mbele ya watu wote wa kazi. Nikalipiga teke debe la petroli, likaanguka kwa kishindo. Kalaba akageuka ghafla na mkono ukatoka.

"Ilunga! Unalala?"

"Munihurumie, baba. Niliteleza."

Baadaye nilimwona anakitazama kidole kilichotoka lengelenge, anakigeuza huku na huku, kama anatazama kidole cha mtu mwingine. Chisenga pia alikuwa ameona. Jioni ile alituendesha mpaka kambini bila utani hata mmoja, nami niliogopa ule ukimya kuliko lile lengelenge.

Nyumbani nilimweleza Feza. Aliacha kusonga bukari, akashika mwiko tu.

"Mama njo anamufungia vifungo," akasema. "Kila asubuhi. Alituambia tusiseme."

"Basi mwambie wewe baba aache kushika mashine."

"Miye? Mutoto anaweza kuambia baba yake, 'umekwisha'? Na weye, mukwe, kabisa hapana. Na patro akijua, ile nyumba beko nayo itaenda. Bataenda wapi?"

Patro ni tajiri wa kazi, na Feza alisema kweli. Mtu asiyeweza kushika mashine alikuwa anashikwa mkono kwa heshima, anashukuriwa, na nyumba ya kambi inapewa mwingine. Sitwayen Kazadi hakuwa mtu mbaya. Ndivyo mambo yalivyokuwa kila mahali.

Siku chache baadaye huyo Kazadi akaja kambini na suti yake ya abakosti iliyonyooshwa vizuri, uso unacheka. Mtengeneza mashua wa Kasenga anataka mbao pana za mti wa mlombwa, mbao nyingi, za mashua za kuvulia kwenye mto Luapula. Mlombwa mkubwa mtu mmoja hawezi kuukumbatia mikono ikakutana. Tronsoneze yetu ingeulamba ganda tu.

"Tutaenda mu mji, tutabeba mashine mukubwa," akasema. "Kalaba, ni weye njo utachagua. Hapa hakuna mwengine anajua."

Kalaba akanyoosha mgongo. Nilimwona anavyofurahi, na usingizi ukanihama tangu siku hiyo.

Niwaambieni juu ya mashine kubwa. Ncha ya ubapa ikigusa mti vibaya, mashine inaruka nyuma, inakuja usoni kwako haraka kuliko unavyoweza kusema "mama". Kinachokuokoa ni mkono unaosikia mapema, unaobana kabla kichwa hakijajua. Mkono usiosikia hata haujui kama umekwisha kuachia. Nilimwona baba mkwe wangu na tronsoneze ya ubapa mrefu kila nikifumba macho, na kila nikifumbua nilimwona mama mkwe na mizigo yake barabarani. Sikujua lipi niombe Mungu alizuie.

Nikamwendea Chisenga. Alikuwa chini ya lori, miguu tu nje. Nikachutama kando ya gurudumu.

"Ba Chisenga, mutu akikuwa na mbuzi, na ile mbuzi haisikie tena moto..."

Miguu ikatulia.

"Minaliona," ikasema sauti ya chini ya lori.

"Miye siwezi kumuambia. Munajua."

"Minajua. Ni kazi yangu." Akatoka, akajifuta mafuta usoni na kuyaongeza. "Mais Ilunga, miye sijue kusema polepole. Nikisema, bote batasikia."

"Patro asisikie, nawaomba."

"Mukwe wa mbuzi, weye unataka chui alie kama paka." Akacheka, lakini si sana. "Wacha nitaona."

Hilo ndilo lililokuwa tumaini langu lote, vijana: mdomo wa Chisenga. Mdomo ambao msibani uliwahi kuwafanya wafiwa waangue kicheko mbele ya jeneza.

Duka lilikuwa katikati ya mji, la Mgiriki mzee aliyeongea Kiswahili chetu kuliko sisi. Kwenye ua wa nyuma alikuwa na tronsoneze mbili zilizofaa. Ya kwanza ilikuwa kubwa, nzito, ya chuma kitupu, ubapa mrefu unaotisha, vishikio vimefungwa kwenye injini kama ile yetu ya zamani. Ya pili ilikuwa ndogo kidogo, na kati ya vishikio na injini waliweka raba nene ya kuzuia mtetemo usifike mikononi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona raba pale. Ubapa wake ulipita nusu ya mlombwa bila shida.

Mgiriki akatulazia gogo. Kalaba akaiendea ile kubwa bila kuitazama nyingine. Akaivuta, ikawaka, ua mzima ukatetemeka, njiwa wakaruka paani. Akakata gogo mara moja, safi kabisa, vumbi la mbao linatoka kwa mkupuo. Kazi ya bwana yule! Hata na vidole vilivyokufa, mabega yake yalikuwa yanajua. Kazadi alipiga makofi.

"Njo hii! Njo hii kabisa!"

Kalaba akaizima, akaiweka chini. Mimi nilikuwa nimesimama kando. Nikamtafuta Chisenga kwa macho. Alikuwa ameegemea ukuta, sigara mdomoni haijawashwa. Akatoa kiberiti mfukoni, akakitupa miguuni pa Kalaba.

"Mbuzi! Washia chui moto."

Ombi la munungwe halikataliwi. Kalaba akacheka, akainama. Nikageuza uso nikatazama matairi ya lori, kwa hiyo mengine niliyasikia tu. Nilisikia kisanduku kinakwangua sakafu, kinakwangua tena. Nilisikia kinafunguka na njiti zinamwagika. Kisha kimya cha mtu anayetafuta njiti moja kwenye saruji. Kazadi akaanza kucheka, na Mgiriki naye. Niliiba jicho. Baba mkwe wangu alikuwa amepiga magoti, anazisukuma njiti kwa vidole kama anasukuma punje kwa kijiti, na hakuna hata moja iliyopanda.

"Muangalie!" Chisenga akapiga kelele, anajishika mbavu. "Mbuzi inaogopa moto! Inajua minataka kuichoma!"

Kila mtu alicheka. Chisenga alicheka kuliko wote, na machozi yalikuwa yanamtiririka, na tajiri akadhani ni machozi ya kicheko. Akaja, akachutama, akazoa njiti zake mwenyewe. Mdomo wake ulikuwa karibu na sikio la Kalaba. Nilikuwa jirani, nikasikia.

"Mbuzi yangu. Hii mwaka sitaki kuchimba shimo."

Tangu siku ile, jaribio langu la mashine ni hilo hilo, na nawapa bure: ishikeni ikiwa inawaka kwa muda wa kutosha, izimeni, kisha okoteni njiti ya kiberiti chini. Vidole vikiitafuta, acheni mashine hiyo dukani.

Kalaba alikaa vile vile, magoti chini. Nilijihesabu nimekwisha. Niliwaza: sasa atakasirika, atainuka na kuinyakua ile kubwa ili atuonyeshe. Au atanyamaza, na tajiri ataanza kujiuliza.

"Alors, Kalaba," Kazadi akasema, anapangusa macho, "tunabeba hii mukubwa?"

Kalaba akasimama, akajipangusa suruali kwa viganja. Akacheka, kicheko chake kilekile cha asubuhi.

"Sitwayen, nitakuambia kintu. Shiye Babemba, mutu akibeba mutoto ya mutu, anatumikia bukwe yake. Analima, anajenga, anachoka. Huyu Ilunga alibeba Feza yangu, hata mutaro moja hajanilimia. Basi leo anaanza kulipa. Tronsoneze ni yake. Miye nitasimama nyuma na fimbo, nitakuwa macho."

Kazadi alicheka mpaka akakohoa. Hata yeye alikuwa na wakwe.

"Kalaba, weye unajua kutumikisha bantu! Mais utabakia shefu?"

"Fimbo njo shefu."

Kisha, bila kunitazama, akasema, "Mukwe, chagua."

Nilichagua ile yenye raba. Nilisema sababu zote isipokuwa moja. Nilisema mnyororo wake ni wa aina tunayoijua, na tupa zetu za kunolea zinaingia kwenye meno yake. Nilisema ubapa unatosha kutoka pande mbili, na uzito wake mtu anaweza kuubeba mchana kutwa porini. Yote yalikuwa kweli. Kazadi akakunja uso; yeye alikuwa ameipenda ngurumo.

"Ile inalia kidogo."

"Muti haisikie makelele, sitwayen," Kalaba akamjibu, na tukaipakia.

Mtadhani hofu yangu iliisha pale. Hapana, ilihama tu, ikaja kukaa kwangu.

Lazima mjue kazi ya fimbo. Anayekata mti mkubwa hasikii kitu na haoni juu, macho yake yako kwenye mkato. Kwa hiyo nyuma yake husimama mwenzake na fimbo ndefu, anatazama kilele. Kilele kikianza kuyumba kusikotakiwa, au shina likilia, anakugusa bega kwa fimbo, nawe unaacha kila kitu unakimbia. Hutazami juu, huulizi. Maisha yako yako kwenye ncha ya ile fimbo. Na fimbo yangu sasa ilikuwa kwenye mikono isiyoweza kuokota njiti ya kiberiti. Ikimponyoka? Akidhani ameishika na kumbe imeanguka? Sikuweza kumkataa. Mkwe atakataaje?

"Umeponesha baba," Feza aliniambia akinifungia chakula, "sasa weye, nani atakuponesha?" Hakuwa anatania.

Mlombwa wa kwanza ulikuwa ndani kidogo ya njia ya Kasenga. Kalaba aliuzunguka, akaupiga kwa kisogo cha shoka akiwa amelibana shoka kwapani, akasikiliza kwa muda mrefu kuliko kawaida. Akanionyesha kwa kiwiko mahali pa mdomo, na kwa kidevu njia ya kukimbilia. Nikaisafisha ile njia kwa panga mpaka hapakubaki hata mzizi. Wenzangu walinicheka kwamba natengeneza barabara ya magari.

Nikawasha. Mlombwa una utomvu mwekundu kama damu. Mdomo ulipofunguka ulinirukia kwenye mikono na kifuani. Nikazunguka nyuma, nikaanza mkato wa mwisho. Mashine ilikwenda vizuri, niseme ukweli, mikono yangu ilibaki yangu. Lakini sikuisikia mashine. Nilikuwa nalisikiliza bega langu. Ubapa unazama, na bega halijaguswa. Unazama zaidi, na bega halijaguswa. Nikawaza, imemwanguka. Fimbo iko chini kwenye majani na yeye hajui. Nilitaka kugeuka nitazame, na kugeuka ndiko kunakoua.

Kisha nikapigwa. Si kuguswa, nilipigwa kama punda. Nikaiacha tronsoneze ndani ya mti, nikakimbia njia yangu.

Nyuma yangu mti ulilia. Shina lilipasuka kwenda juu, nusu yake ikaruka nyuma kwa urefu wa mtu, ikapiga mahali pale pale kifua changu kilipokuwa, halafu mlombwa wote ukalala chini na ardhi ikaruka. Vumbi lilikaa hewani muda mrefu. Tronsoneze ilikuwa imetupwa kando, inaunguruma peke yake mpaka ikazimika.

Nilirudi kwa njia ileile. Kalaba alikuwa amesimama palepale, fimbo bado imenyooshwa mbele, kama hajui kwamba imekwisha. Nikasogea. Ndipo nilipouona mpira. Vipande vya mpira wa ndani ya tairi vilikuwa vimezungushwa kwenye viganja vyake vyote viwili, na fimbo katikati, vikakazwa na kufungwa fundo juu ya vifundo vya mikono. Hakuna mtu anayeweza kujifunga hivyo mwenyewe. Nikatazama barabarani. Chisenga alikuwa kwenye lori lake, amegeuza uso kabisa upande wa pili, anavuta sigara.

Nami nikageuza uso wangu, kama siku zote.

"Mukwe," Kalaba akasema, "nifungulie."

Nikatafuta nani mwingine yuko karibu. Wenzangu walikuwa mbali, kule kwenye lori.

"Baba, niite ba Chisenga..."

"Haiko Chisenga. Nimesema weye." Akanyoosha mikono yake mpaka ikafika kifuani kwangu. "Angalia. Shi ni roho yako ile ilikuwa ku hii fimbo?"

Nikamtazama usoni, mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake. Alikuwa amechoka, na alikuwa amejaa hofu kama mimi. Nikaishika mikono yake. Ilikuwa ya baridi kabisa, na mpira ulikuwa umekazwa sana. Vidole vyangu havikuweza kuulegeza, ikabidi niinamishe kichwa nilifungue fundo kwa meno.